Maji ya Ruba

Kwa kaka yangu Abdala, Pangani

Kaka, salamu zangu nazitanguliza mbele, maana habari zangu hazifai kutangulia. Je, mguu wa mama umepungua uvimbe? Nawe bado waumika watu pale barazani, au wamekukimbia tangu ruba wangu walipokoma kufika? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umenishinda.

Nakuandikia kutoka huku chini, kwenye mikoko ya Rufiji, karibu na kambi ya askari. Mkwe wangu Mzee Mkumba, baba yake Zena, alikamatwa pamoja nami kwa sababu ya mtungi tuliokuwa tukikuletea wewe.

Siku zote waniambia ruba ni ruba, nichote popote. Wewe unawabandika tu migongoni mwa watu wanyonye damu, hujui shida yao. Katika mto wenyewe hawakai, maji yanawasukuma. Huku bahari inakopanda hawaishi, chumvi inawaua. Ruba anataka dimbwi lililoachwa na mafuriko, maji yaliyotulia, yenye matete na mayungiyungi, mahali nyati wanapokuja kunywa. Jua likiwaka, anajibana chini ya jani. Haya alinifundisha Mzee Mkumba katika madimbwi ya nyuma ya kijiji cha Mtunda. Yeye huingia maji ya magoti, akatulia, wakamng'ang'ania miguuni, kisha akawabandua kwa ukucha bila kuwaumiza. Nilikuwa nikimcheka kwamba ruba wanamjua kuliko wajukuu zake.

Basi tulikuwa njiani kando ya mto na mtungi wetu, mdomo umefungwa kitambaa. Nadhani hata huko mmesikia kwamba watu wa Matumbi wamepewa maji ya dawa yanayogeuza risasi kuwa maji, na Wajerumani wanamsaka kila anayeyagawa. Askari wakatusimamisha. Mmoja akafungua kitambaa, akaona maji na jani la yungiyungi juu yake. Ilikuwa mchana wa jua kali, ruba wote wako chini ya jani.

"Maji gani haya?"

Mkwe wangu, kwa adabu zake, akajibu, "Dawa, bwana. Twawapelekea watu wa Pangani."

Kaka, hata wewe ungejibu hivyo hivyo. Ruba si dawa? Lakini mwaka huu neno hilo halisemwi karibu na maji. Yule askari aliruka nyuma kama aliyekanyaga moto, akausukuma mtungi kwa kitako cha bunduki, ukaingia mtoni na vyote vilivyokuwamo.

Wakatuleta hapa kambini, wakatufunga siku kadhaa kabla ya kutuhoji. Akida ni mtu wa pwani kama sisi, nikapata tumaini. Nikamweleza habari ya ruba, nikamtajia kazi yako. Akacheka. "Basi chota hapa tuwaone."

Nikamwambia hapa maji ni ya chumvi, hawapo, atupe mtu mmoja tu twende naye Mtunda nikamwonyeshe.

"Naona wadudu wako wanakaa pale tu pasipo na askari," akasema.

Ningefanya nini? Niliingia. Nilijua hamna hata mmoja, na niliingia. Nilisimama kwenye tope la mikoko, maji yakapanda mpaka kifuani, nikaomba Mungu aniletee ruba mmoja aliyepotea njia. Mkwe wangu amefungwa kwenye mti, ananitazama. Mwisho akaniita, "Toka, mwanangu, utaugua. Huku hawako, wewe wajua."

Nilipotoka, akamwomba akida aitazame miguu yake. Imejaa alama za ruba, mpya na za zamani, kuanzia kwenye vifundo mpaka magotini. "Tazama, bwana, ndio hao wanaoniuma." Nikafurahi, kaka, nikasema hapo tumepona. Akida akainama, akatazama vizuri, akamgeukia Mjerumani, mkuu wa kambi, akasema, "Chale za dawa hizi. Amechanjwa mwili mzima."

Hapakuwa na swali lingine. Mimi wakaniachia, maana miguu yangu ni safi. Jana, baada ya adhuhuri, wakamnyonga. Niliomba nimwoshe, wakanifukuza. Wamemfukia pamoja na watu wa Matumbi asiowajua, nami nikamsalia peke yangu nyuma ya mikoko. Nimelia mpaka nimeona haya.

Ruba usiwangoje tena. Mwambie mama asikandwe kwa maji ya moto sana. Nisalimie shangazi muuza vitumbua, na mwalimu wetu wa chuo, umwombe amsomee marehemu hitima. Mwanao mchanga nibusie.

Zena hajui. Alitufuata tulipokamatwa, akafikia kijiji cha pili kutoka hapa, na kila siku amekuwa akitupikia wafungwa wake na kututumia chakula. Tangu jana nimeshindwa kwenda kwake. Leo amemtuma jirani mmoja, mama mtu mzima. Nilidhani ameleta chakula, kumbe ameleta swali: Zena amepata samaki, anataka kujua kama baba yake anakula vizuri, amwekee sehemu kubwa au ndogo. Mama huyo ameketi hapa mbele yangu. Anadhani barua hii ninayoiandika ndiyo jibu.

Mimi mdogo wako,
Shomari