Sungura Mwenye Pembe

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika toka Mwanza, marahaba. Huku Mzenga tu wazima. Bibi yako goti linamsumbua, mdomo haujambo.

Umeuliza habari za sumni zetu za sungura mwenye pembe. Enzi za Ujamaa nilipewa chenji duka la kijiji, nikaona sungura wa senti hamsini kaota pembe. Mwalimu mmoja akanieleza kwamba chuma cha kugongea sarafu kilipasuka, madini yakajaa kwenye ufa. Basi wenzake wapo, nikasema. Nikawa nakagua kila chenji, watu wakaniona nimerukwa na akili.

Wa pili nilimkuta Kibaha, kwa binti muuza mihogo. Nikamwomba tubadilishane kwa sumni mbili nzima. Akacheka: "Kaka, hata mimi namtafutia mwenzake!" Nikala mihogo yake miezi na miezi, hanipi. Mwishowe akakubali nipeleke posa, ila sungura wangu awemo kwenye mahari.

Siku ya mahari mjomba wake akaiweka pembeni ile sumni. "Hii mbovu, badilisheni." Bibi yako, ambaye desturi ilimtaka akae ndani kimya, akapaza sauti nyuma ya pazia: "Mjomba, hiyo hiyo!" Wazee hoi kwa kicheko.

Sarafu zetu zingekuwa nzima, ningelipia mihogo nikaenda zangu.

Sasa unataka nikutumie moja ukauze. Mwombe bibi yako. Mimi nilikwenda Kibaha kutafuta ya pili, nikarudi sina hata moja.

Babu yako,
Kondo