Mpumbu ya Mwisho

Kashikishi, Jumamosi

Na sasa hata mpumbu yetu ya mu chupa, samaki yenye haionekani tena mu ziwa, imeisha.

Mama Bwalya, mwenye anafagia chumba cha Chama chetu cha viumbe vya ziwa, alikuta dawa ya kuichunga isioze imekauka mu chupa na ile samaki inaanza kunuka. Akafanya kile kila mwanamuke wa hapa angefanya. Aliipasua mgongo, akaitia chumvi, akaianika ku jua pamoja na chisense zake, zile samaki ndogo-ndogo.

"Mwalimu, nimeiokoa," akaniambia leo. Alikuwa na furaha.

Niliumwa roho, lakini nimukasirikie nani? Wazee walioanzisha Chama, wavuvi na walimu, waliiweka mu chupa wakati mpumbu zilikuwa bado zinajaza mitumbwi. Mimi mukimbizi wakanipa ufunguo, juu nilifundisha biolojia kule kwetu Pweto, ngambo ya ziwa. Wote wamekufa. Vijana wanaovua leo hawajui hata sura ya mpumbu, na mikutano ninafanya mimi na viti.

Nikamwambia asimupe mutu kuikula, ile dawa ni sumu.

"Hailiwi, haiuzwi," akasema polepole. "Sasa mulikuwa munaichunga juu ya nini?"

Nilitaka kumuelezea. Nikamuomba jembe.

Tuliizika nyuma ya chumba, yeye akachimba. Kisha nikafunga mlango na ufunguo, kama kila Jumamosi, nikausukuma kuona kama umefunga vizuri. Ni hapa ku nyumba ndipo nimekumbuka kama mule ndani hamuna tena kitu cha kuchunga.