Sehemu Iliyopumzishwa

3 Februari

Mjukuu wangu,

Hujambo? Kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, ila magoti yananinunia. Anayeniandikia ni jirani yangu fundi cherehani, na nimemkataza kulainisha maneno.

Ulikuja na kamba yako ya kupimia, chai ukainywa umesimama kama mdai. Leo chama cha ushirika kimeniletea karatasi: shamba langu alama arobaini na moja kwa mia. Aliye chini ya hamsini anafungiwa maji ya mfereji. Eti umeandika sehemu ya juu "haitumiki". Haitumiki! Imepumzishwa, we mtoto! Shamba lina sehemu tatu: kila mwaka mbili zinazaa, moja inalala na nyasi zake, inashika maji ya kilima. Umekula humo tangu huna meno. Futa hilo neno.

Bibi yako


20 Februari

Shikamoo Bibi,

Nimepona, nashukuru. Pole na magoti.

Bibi, fomu ina visanduku viwili tu: inalimwa, haitumiki. Cha kupumzika hakipo. Nikikubadilishia wewe, watasema nambeba bibi yangu, na kazi itaniponyoka. Lima sehemu zote tatu msimu mmoja tu. Agosti nakuja kupima upya, utapita, halafu utaipumzisha upendavyo. Nakusihi.

Mjukuu wako


11 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Unakula au unakula karatasi?

Nimelima. Siku sita nang'oa mizizi ya nyasi, na kila ikitoka naisikia kama jino langu. Fundi kaniuliza, "Shoga, umeingiwa na nini?" Nikamjibu, nimeingiwa na mjukuu. Shamba langu lote sasa liko uchi. Sijalima kwa ajili ya alama zako. Nimelima usikose kazi.

Bibi yako


2 Septemba

Shikamoo Bibi wangu,

Afya yako? Mimi nina furaha hata kalamu inateleza. Alama sabini na nane! Shamba la kwanza kilimani kote. Ofisi imelifanya mfano, na wenzako watatu wa upande wako wameambiwa walime sehemu zao za juu kama wewe. Mimi wamenipandisha cheo.

Najua nilikuahidi mapumziko, lakini subiri kidogo. Wakubwa wanataka kuja kuliona likiwa hivyo hivyo.

Mjukuu wako


19 Desemba

Mjukuu wangu,

Naamini u mzima. Mimi nipo.

Nimewasubiri wakubwa wako, hawakuja. Imekuja mvua, siku tatu. Udongo wa juu ulishuka haukukuta hata unyasi wa kuushika, ukabeba wa kati, ukabeba wa chini, ukaufukia mfereji. Kwangu kumebaki mawe. Na wale watatu ni hivyo hivyo, maana waliona bibi wa mpimaji kalima, nao wakalima. Sasa nikiwasalimu wanaitika wakitazama pembeni.

Ningesema sikulaumu, lakini uongo siuwezi. Nakulaumu, na usiku nakuombea. Nahamia mjini kwa shangazi yako. Andika huko ofisini kwamba ulikosea.

Bibi yako


27 Januari

Shikamoo Bibi,

Sijui nikuulize hali kwa uso gani.

Nimeandika kurasa nne. Mkuu wangu amezisoma zote. Kasema fomu inahesabu eneo lililolimwa na magunia ya mavuno, na vyote vilikuwepo. Udongo hauna kisanduku. Alama zimebaki sabini na nane. Kwenye makaratasi shamba lako bado ni la kwanza. Nataka kuacha kazi, Bibi.

Mjukuu wako


14 Februari

Mjukuu wangu,

Shangazi yako kanisomea, akalia. Mimi nimemwambia anyamaze, kilio hakirudishi udongo.

La kwanza, eh? Basi waambie waje walile.

Kazi usiache. Ukiacha watamweka mwingine ambaye hana hata bibi wa kumgombeza. Ila ukifika kwenye shamba la mtu, kaa chini, kunywa chai yake hadi iishe, umuulize: hapa mmepaacha hivi kwa nini? Ndipo utoe kamba.

Usinitafutie shamba lingine. Kwa umri wangu mtu haanzi udongo upya. Uani kwa shangazi yako ni saruji tupu. Nikiamka naifagia. Nikimaliza naifagia tena.

Njoo unione. Nimekukasirikia, sijakukataa.

Bibi yako