Mlango wa Kanisa Alioufunga Mume Wangu

Na ndiyo, bado nampenda. Leo ni Alhamisi, Mei 1997, mvua haijakoma hapa Githongo tangu alfajiri, na nampenda kuliko hata siku ile aliponifunua shela mbele ya watu wote wa Embu.

Mchungaji wangu! Naibu mkuu wa chuo kikuu kizima, na asubuhi ananipikia uji kwa mikono yake. Nani mwingine amepata mume wa hivyo?

Lakini jana niliiona damu yake.

Wanafunzi waligoma kwa sababu ya kukosa maji. Mchana mawe yakaanza kuvunja madirisha ya nyumba yetu. Moja lilitua katikati ya kitanda chetu kipya, juu ya shuka aliyoidarizi mama. Mume wangu akavaa kola yake nyeupe, akatoka.

"Mume wangu, rudi! Watakuua!" nilimwita.

Hakurudi. Jiwe lilimpasua kipaji cha uso, akaendelea kutembea, kola ikigeuka nyekundu.

Polisi walikuwa tayari langoni na marungu. Akawaambia vijana, "Ingieni kanisani. Hakuna askari atakayempiga mtu mbele ya madhabahu." Wakaingia, hata wale waliomrushia mawe. Akafunga mlango kwa ufunguo, akasimama nje, mikono ameitandaza.

Polisi walimwangusha matopeni, wakavunja mlango kwa mateke.

Sijawahi kusikia sauti kama zile. Marungu juu ya mifupa, viti vikipasuka, wasichana wakiwaita mama zao. Hapakuwa na pa kukimbilia. Mlango wa nyuma pia alikuwa ameufunga.

Kinoti, mwanafunzi aliyeimba besi kwenye harusi yetu, amevunjwa taya. Jicho lake la kushoto, daktari hajui kama litaona tena.

Leo mkuu wa chuo alimwonya mume wangu: "Ukikubali kosa, kazi yako imekwisha. Nyamaza." Tukaenda hospitalini. Mama Kinoti alikuwa kando ya kitanda, ametoka kijijini Kiirua na gambuti za shamba miguuni. Alitazama bendeji kichwani mwa mume wangu.

"Pole, Mchungaji," akasema. Kisha: "Ni nani aliwafungia hawa watoto?"

Nilimshika mume wangu mkono.

"Ni mimi, mama," akajibu.

Mama Kinoti hakupiga kelele. Alikunja leso yake, akaikunjua.

"Baba yake ni mgonjwa, hatoki nyumbani. Utakuja umwambie wewe mwenyewe. Hilo neno mimi sitalibeba."

"Nitakuja."

Sasa tumerudi nyumbani. Naogopa. Wakimfukuza, nyumba hii ya chuo ambayo bado inanukia rangi itakuwa ya mtu mwingine, nasi hatujamaliza hata kupanga vyombo. Lakini ningelalaje kando ya mwanamume aliyenyamaza pale?

Hataenda peke yake. Mama Kinoti, tutakuja Kiirua sote wawili, kabla mwezi huu haujaisha.