Moshi Umepata Njia Yake Sibwesa

Mama yangu mpenzi,

Mimi na Yosefu wangu tunakusalimu toka Sibwesa, kwa furaha isiyoenea kwenye kadi hii! Jana asubuhi mama mkwe hakuona moshi ukipenya kwenye nyasi za paa, akaja akifoka, "Bibi harusi, mpaka saa hizi umelala?" Kumbe wali umeshaiva! Yosefu amenijengea jiko la tofali lenye bomba: moshi unapanda darini kufukiza mahindi ya mbegu yasiliwe na wadudu, halafu unatoka nje. Ni ajabu, Mama! Mama mkwe alikaa jikoni mpaka mchana bila kukohoa, nami nikakiwaza kifua chako. Tukivuna, Yosefu atakuja kukujengea. Mwambie Baba asikatae: mahindi yake yatapata moshi, na wewe utapumua.

Mwanao akupendaye sana,
Anastazia