Maua Yenye Niling'oa Huku Baharini

Sasa Nasieku, pale simu ilikufa nilikuwa nimefika wapi? Nafikiri nilikuwa nakuambia vile Bi Mwanasha alikuja, akasimama, akaangalia ile mchanga, akashika kichwa na mikono mbili. Halafu simu ikaniponyoka ikaingia kwa ndoo ya kunyunyizia miche. Mpaka leo iko ndani ya mchele inakauka, na mimi sina amani nikijua dadangu amebaki na hadithi nusu. Ndio maana nimechukua kalamu. Unajua mimi na shule tuliachana mapema, kwa hivyo soma polepole, na ukishindwa mpatie yule mwalimu Mluhya mwenye amekodisha kwa ploti yako akusomee. Lakini asisome akicheka.

Wacha kwanza nikusalimie. Takwenya, mtoto wa mama! Najua umeitika. Nyumba iko aje? Mvua imegusa Kajiado, ama ni ile ya kunyesha Kitengela peke yake, inaharibia watu barabara na haifiki kwa nyasi? Sisi huku tuko wazima. Baba Lemayian bado anachunga geti ya hoteli, amenenepa na wali ya nazi mpaka mshipi imetobolewa tundu ingine. Yangu mimi sisemi.

Sasa nianze vizuri ndio usipotee.

Nilikuambia biashara ya shanga imelala, wageni ni wachache. Nilikuwa nakaa chini ya makuti na shanga zangu, hakuna mtu wa kuongea na yeye. Mimi, Nasieku! Kunyamaza kutoka asubuhi mpaka jioni! Hiyo ni ugonjwa. Kila asubuhi nikawa naona akina mama wanapita na majembe na mabeseni, wanacheka. Siku moja nikafunga shanga kwa leso, nikafuata kicheko.

Kumbe wanaenda kwa mbuga. Si kama hiyo yenu yenye simba inaruka fensi inakuja kula mbuzi ya watu. Hii ni ya bahari, mchanga na msitu kidogo. Mimea ya zamani ilikuwa inaisha, ingine ilikatwa, ingine ikafinywa na mimea yenye imetoka mbali. Hawa akina mama wanajitolea kuirudisha. Wanang'oa ile mgeni, wanapanda ile mwenyeji. Kujitolea, yaani hakuna mshahara. Najua hapo umefanya mdomo. Hata Baba Lemayian alifanya. Akasema, "Wewe mama, ukiambiwa upige deki nyumba unasema kiuno. Huko unalima bahari bure?" Nikamwambia huko kuna watu wa kuongea na wao.

Siku ya kwanza nilishangaa, nikaona wanang'oa mwarobaini. Mwarobaini! Si ndio tulikuwa tunanyweshwa tukilia? Nikauliza kama wameugua kichwa. Bi Mwanasha ndiye mkubwa wa kikundi, mama mwembamba mwenye anaongea Kiswahili ile ya redio. Akaniambia, "Ni dawa, bibie, lakini si wa hapa. Ukiukaribisha kitako, huwatoa wenye nyumba." Mimi nikaelewa. Nina shemeji kama huyo.

Basi nikang'oa. Unajua mikono yangu. Kuna mmoja anaitwa Mishi, anauza mahamri asubuhi, mdomo yake ni kama yangu, kwa hivyo tulipendana na tukachukiana siku hiyo hiyo. (Bwana yake ni yule wa tuktuk, nasikia ako na bibi mwingine Ukunda, lakini usimwambie mtu, hata kama huko hakuna mwenye anamjua.) Mishi akasema, "Huyu Mmaasai ni trekta!" Wakacheka, nikaona nimekuwa wa kwao. Bi Mwanasha mwishowe akanipatia kipande yangu peke yangu, kilima ya mchanga inaangalia maji. Nyuma ya hiyo kilima ndio kuna miche yote yenye kikundi imelea, kutoka mbegu mpaka ikafika magoti. Akaniambia, "Hapa ni kwako. Patunze."

Nasieku, nikaenda pale nikakuta nini? Ile kitu! Inatambaa kwa mchanga yote, na maua yake ni ile rangi ya kanzu ya askofu. Damu ikanipanda. Unakumbuka olokeri ya baba, pale alikuwa anaachia ndama nyasi, watu wengine hawakanyagi? Unakumbuka vile ile gugu ya maua kama hiyo iliingia na mvua, nyasi yote ikaisha, ndama zikabaki mbavu? Nikasema, shetani wewe, umenifuata mpaka baharini! Nikakunja leso. Niling'oa kutoka mwisho mpaka mwisho, naimba. Nikarundika yote pahali moja, vile mama alitufundisha, ndio isirudi. Kilima ikabaki safi kama kichwa ya kijana ametoka kunyolewa. Na si nikaita watu! "Bi Mwanasha, kuja uone kazi!"

Ndio akaja, akashika kichwa.

"Salaala! Mama Lemayian, umefanyani?"

"Nimeng'oa mgeni."

"Mgeni yupi? Huyu ndiye mwenyeji. Huyu ndiye aliyekuwa ameushika mchanga huu."

Akachukua jani moja akaniwekea mkononi. Nikaangalia. Imepasuka katikati, kwato ya mbuzi kabisa, dada. Ile ya kwetu haina hiyo kwato. Mimi mwenye nimezaliwa katikati ya mbuzi, nikaangalia maua peke yake, majani sikuona!

Nikajaribu kucheka. Mishi naye hakukawia. "Kama ni kung'oa wageni, mbona tulianza na mwarobaini tukamwacha huyu?" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, lakini hiyo ilinichoma, sitakudanganya. Bi Mwanasha hakucheka. Alikuwa anaangalia maji. Akasema bamvua inakuja, hiyo ni ile siku ya mwezi mpya bahari inajaa kupita siku zote, na ikikuta mchanga haijashikwa itaibeba, iingie mpaka kwa miche. Chumvi ikifika kwa mizizi, kazi ya akina mama wote imeisha. Halafu akaniambia na heshima, "Nenda ukapumzike nyumbani. Tutakuita."

Wewe unajua maana ya "tutakuita". Hata mimi nimewahi kuambia watu hivyo.

Nikafika nyumbani, Baba Lemayian akasema ni Mungu amenionyesha nirudi kwa shanga, ama nirudi Kitengela kabisa nisaidie wewe. Na wewe pia kwa simu ulianza hiyo maneno, "rudi nyumbani, hao si watu wako". Nilikusikia. Lakini Nasieku, nitatokaje hapa na hiyo jina? Nikiondoka sasa, watakaa miaka wakisema kulikuwa na Mmaasai mmoja alituletea bahari ndani. Mimi nimeharibu, mimi nitatengeneza.

Siku ya tatu nikarudi, hakuna mtu ameniita. Nikafungua ile rundo. Ya juu ilikuwa imekauka, lakini ya chini, Mungu ni nani, ilikuwa na unyevu na imeanza kutoa mizizi nyeupe kama nywele ya mzee. Nikasema, wewe uko kama viazi tamu! Nikaanza kuipanda tena. Halafu nikaona upepo inafunika na mchanga kabla nimalize mstari. Sasa upepo nitauzuia na nini? Nikakumbuka boma. Matawi ya zile miti tuling'oa yalikuwa yamelala tu hapo nyuma. Nikayaburuta, nikayasimamisha, nikasuka mengine katikati, upande ya bahari yote, kama mtu anazuilia fisi. Najua ni kazi ya wanaume, usiambie wazee. Watalii wakapiga picha. Mmoja akauliza ng'ombe ziko wapi.

Siku hiyo nikapanda peke yangu, na iliyofuata pia. Akina mama wanapita kule juu, wanaongea, wakinifikia wananyamaza. Wewe unajua mimi ninaweza kuvumilia njaa, jua, hata mama ya bwana yangu. Lakini watu wanyamaze nikiwa karibu! Halafu Bi Mwanasha akashuka. Nikajua nafukuzwa. Akazunguka ile boma, akaisukuma na mguu, ikakataa kuanguka. Akainama kwa mmea, akasema, "Usiusimamishe hivi, utaoza. Ulaze. Fukia hapa kwenye kifundo, kichwa ukiache nje." Akalaza moja, ya pili, ya tatu. Nikafikiri ataongeza neno. Akapangusa mikono akaenda zake.

Basi nikang'oa yote nikalaza upya. Yote! Mgongo ililia. Sasa hivi zimeanza kushika, ukivuta kidogo na kidole inakataa. Lakini ni changa, dada, na boma ni matawi tu, na leo ndio ile siku ya maji. Nimeenda asubuhi nikaongeza matawi, nimerudi, nimepika, nimefua, sasa nimekaa hapa mlangoni nakuandikia na sioni kama nimeandika kitu ya maana. Upepo imeanza kutoka upande ile mbaya. Baba Lemayian anasema bahari haijui jina yangu, niache kuangalia huko. Mimi najua itashika. Najua. Na kama haitashika nitapanda tena, nakuambia mapema ndio usinitumie nauli ya kurudi.

Lakini nyinyi hiyo yenu ya Kajiado ng'oeni, usisome hii ukaanza kuihurumia. Ile haina kwato.

Hii barua italetwa na yule kijana wa Oloitiptip mwenye anafanya kazi na Baba Lemayian, anakuja nyumbani likizo, atashuka Kitengela. Mpatie chai, lakini asikuambie mambo yangu kabla hujasoma. Salimia Yeyo, mama yetu, mwambie mgongo apakwe mafuta ya kondoo, si hiyo ya duka. Salimia bwana yako wa bucha, aache kupima nyama na kidole. Salimia shangazi wa Illasit, nasikia nyanya zake zimekubali. Salimia bibi ya pasta, mwambie mimi huku sijapotea, nimepata kanisa, ni vile tu kwaya yao haina nguvu. Na watoto wako, yule mdogo mwambie

Ngoja. Kuna mtu anapiga kelele huko nje.

Ni Mishi, anakimbia na jembe, leso imeanguka. "Wee Mmaasai! Maji yamefika kwa boma lako! Bi Mwanasha asema uje, tunashindilia matawi, wewe ndiye unajua ulivyolisuka! Wafanyani hapo? Njoo!"

Nasieku, nimeitwa. Baba Lemayian atafunga bahasha. Mimi dada yako Naisiae, naenda.