Kisima cha Wakfu

Likoni, 9 Machi 1994

Kaka Ghalib,

Salamu zikufikie huko Madina ulikokwenda kusoma. Dada yetu Mwanaima amejifungua binti, na mnazi wa nyuma ya jiko umeanguka bila kumdhuru mtu.

Uliuliza habari za lile basi la gesi inayotolewa kwenye maji. Wallahi nilisema tangu mwanzo: wakubwa walioshindwa kututilia lami, watagharamia vipi basi lisilotoa moshi? Nikaambiwa ninyamaze. Basi lilikwenda siku moja tu, siku ya wageni. Sasa limepandishwa juu ya mawe, na kisima alichokiweka bibi wakfu kwa msikiti, walichokitaka kwa mtambo wao wa kutolea gesi, kimezungushiwa seng'enge. Watu hutia udhu kwa maji ya mkokoteni.

Baba, msimamizi wa wakfu, ndiye aliyewapa kisima, na ndiye aliyelisomea basi dua. Siku hizi husali nyumbani, aona haya. Kila asubuhi huenda kulipangusa vumbi lile basi.

Jana kaniita, kasema nikuulize wewe uliyesoma: dua iliyokwisha kuitikiwa amina na mtaa mzima, yaweza kurudishwa?

Nduguyo,
Mwanatumu